Stika Namba Tisa

Brunswick, Melbourne
12 Januari 2003

Dada Polixeni,

Pokea salamu zangu, wewe na wote waliobaki hapo kijijini. Huku tu wazima, ila joto linatutesa, na jana tulilala uani kama mbuzi. Leonidas wangu amepata mtoto wa pili, wa kike. Wamempa jina la mama wa mkewe, mimi sikuulizwa. Wifi yako Glenys amestaafu kazi ya uuguzi mwezi Novemba. Mgongo wangu ni uleule.

Najua ukisikia sauti yangu kwenye simu unakata, ndiyo maana nakuandikia. Jambo lenyewe ni la furaha. Glenys amelipia safari ya meli ya watalii, siku kumi na mbili, kutoka Venisi hadi Athens. Tarehe 24 Julai meli itatia nanga hapo Katakolo saa mbili asubuhi, na itaondoka saa kumi na moja jioni.

Glenys ni mtu wa kuandika kila kitu kwenye karatasi. Kwa kuwa umeuza zabibu kavu pale bandarini miaka mingi na umewaona watalii wa kila namna, anaomba umpe vidokezo vya kushuka nchi kavu. Achukue basi la meli au teksi? Avae viatu gani? Maji yanauzwa huko kwenye magofu ya Olimpia au abebe yake? Vitu kama hivyo.

Tukipata nafasi tutapita kukusalimu.

Mdogo wako,
Thrasivulo


Kato Lagadi
9 Februari 2003

Thrasivulo,

Mimi mzima. Wasiwasi juu yako niliuacha miaka minne iliyopita, siku ya maziko, kwa hiyo hapo tusipoteze wino. Mizeituni haikuzaa kitu mwaka huu. Mbuzi mmoja amekufa. Hongera kwa mjukuu mwenye jina la watu wengine.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Mtu amezaliwa kilomita nane kutoka bandarini, ameogelea pale uchi hadi akaota ndevu, leo anauliza kama teksi zipo. Uliondoka mwaka 1967 ukamwambia Mama miaka miwili. Tangu hapo bandari hii hujaikanyaga, kwa ninavyojua mimi, na sasa unaikanyaga kwa sababu imo kwenye ratiba, kati ya Korfu na Santorini. Na ukipata nafasi utapita kunisalimu. Usijisumbue sana.

Lakini wifi yangu ameuliza kwa adabu, nami nitamjibu kwa adabu. Mwambie hivi. Basi la meli lina kiyoyozi, bei yake ni ya wizi, na kiongozi wake anawapeleka kwanza dukani kwa binamu yake. Faida yake ni moja tu: likichelewa, meli inalingoja. Anayetoka kivyake hangojwi. Kila kiangazi nawaona wawili watatu wamesimama gatini na mifuko ya sabuni ya zeituni, wanaipungia mkono meli yao inavyokwenda. Wengine hulia. Kwa hiyo anayepanda teksi apatane bei kabla hajakaa, na awe amerudi saa kumi, si kumi na nusu. Saa ya mkononi aifuate ya meli, si ya kanisa letu, ambayo imekwama tangu tetemeko.

Viatu viwe vya kufunika vidole. Wanakuja na ndala, yale mawe ya Olimpia yamesuguliwa na miguu ya wajinga wote wa dunia na yanateleza kama sahani ya mafuta. Nimeona Mjerumani akibebwa kama kiti. Maji abebe yake, lita moja na nusu. Kofia yenye ukingo. Kitambaa cha mabega, la sivyo kanisani hapiti. Pasipoti aiache chumbani, abebe nakala. Na asinunue chochote duka la kwanza, wala la pili.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuuliza. Mwezi huu Mama ametimiza miaka minne kaburini. Makaburi yetu ni madogo kama unavyojua, na watu wanaendelea kufa. Padri Anargiro amesema kiangazi hiki zamu ya Mama imefika: afukuliwe, mifupa ioshwe kwa divai, iwekwe kwenye sanduku, iingie chumba cha mifupa pamoja na Baba. Nilimwomba aniwekee tarehe 24 Julai, saa nne asubuhi. Alishangaa kwa nini Alhamisi. Nikamwambia mwanawe wa kiume anapita.

Hukumzika. Utamfukua.

Polixeni


Brunswick
30 Machi 2003

Dada mpendwa,

Barua yako imechukua wiki tatu kufika. Nafurahi u mzima. Pole kwa mbuzi. Mjukuu wangu anakohoa lakini anaongezeka uzito. Mimi mgongo umenibana mwezi mzima, daktari kasema nisiiname na nisisimame juani kwa muda mrefu.

Kuhusu ile tarehe, sijui kama ulifikiri vizuri. Glenys alikwisha kulipia matembezi ya Olimpia, basi namba 22, na ukisharudisha tiketi hurudishiwi kitu. Meli nayo inaweza kuchelewa. Bahari ni bahari. Padri akiweza kusogeza iwe siku nyingine, wewe na yeye mtaifanya kwa utulivu zaidi bila kutungoja sisi. Mimi ningechangia shada zuri la maua.

Glenys anakushukuru mno. Ameziandika tena nasaha zako zote kwa mkono wake na kuzibandika kwenye friji. Anauliza pia: kutoka gatini hadi makaburini ni dakika ngapi kwa teksi? Divai ya kuoshea inakuwa tamu au kali? Na mwanamke ambaye si wa damu anaruhusiwa kushika?

Sijui maswali hayo anayatoa wapi.

Thrasivulo


Kato Lagadi
4 Mei 2003

Thrasivulo,

Kristo amefufuka, na kwenu pia natumaini. Tumekula mwanakondoo mmoja watu watatu: mimi, Padri na mjane wa Menio. Nilipaka mayai rangi kwa mazoea, mengi kupita kiasi, nayala hadi leo.

Daktari wako amekukataza kuinama na kusimama. Kumbe ameruhusu kukaa kwenye basi. Daktari mzuri, mshikilie.

Huo mgongo wako naujua kuliko ninavyokujua wewe. Ulikuzuia Baba alipofariki. Ulikuzuia mimi nilipofiwa na mume. Ulikuzuia Mama alipolala miezi minane akiuliza kila asubuhi kama posta imepita. Nikikutana na mgongo huo njiani nitausalimia kwa jina. Cha ajabu hauumi saa ishirini na nne za ndege kwenda Venisi.

Maua tunayo. Maua si tatizo.

Mjibu wifi yangu. Ni dakika kumi na mbili kwa teksi, kumi kama dereva ni Fotini binti wa mwokaji, ambaye anaendesha kama anafukuzwa. Divai ni nyekundu, kali, isiyo na sukari. Mama hakupenda vitamu. Na anayeruhusiwa kushika ni yule aliyekuja.

Na hilo basi lako namba 22, kwa taarifa yako, litapita kando ya ukuta wa makaburi, upande wa kushoto ukitoka bandarini, mnamo saa tano kasorobo. Yote hupita hapo. Ukivuta pazia hutaona kitu.

Jambo la mwisho, maana nadhani umesahau hata haya. Unajua watu wanakuja kuangalia nini siku ya kufukua. Mifupa ikitoka safi, ya njano kama nta, wanasema marehemu alikwenda na moyo mweupe, wanakula ngano ya kuchemsha yenye zabibu na kurudi nyumbani. Ikitoka bado ina nyama, wanasema ana neno na mtu, na wanageuka kutafuta huyo mtu ni nani. Mimi nitasimama pale. Wakigeuka, sitaki wanione peke yangu.

Njoo. Mgongo mwachie mkeo kwenye sanduku la nguo.

Polixeni


Brunswick
11 Juni 2003

Dada,

Sote wazima. Nimefikiri sana. Tarehe 24, saa nne kamili, nitakuwepo kaburini.

Ndugu yako,
Thrasivulo


Kato Lagadi
25 Julai 2003

Thrasivulo,

Naandika leo nikijua mtafika kwenu Agosti. Barua itakungoja mlangoni. Afadhali yenyewe itangoja kitu kitakachokuja.

Saa nne kasorobo teksi ya Fotini ilisimama langoni kwa vumbi. Akashuka mwanamke mrefu, amevaa kofia yenye ukingo, viatu vya kufunika vidole, kitambaa mabegani, chupa ya maji ya lita moja na nusu chini ya kwapa moja na ya divai chini ya nyingine. Nilidhani ametoka kwenye karatasi yangu mwenyewe. Nikaangalia nyuma yake. Fotini akafunga mlango wa gari.

"Wifi," akasema, "mimi ni Glenys."

"Naona. Yuko wapi?"

"Kwenye basi."

"Mgongo?"

"Mgongo ni mzima," akasema. "Nimemhudumia miaka thelathini, na mimi ni muuguzi. Mgongo wake haujawahi kuwa na kitu."

Kigiriki chake ni kibovu, kila neno linachechemea, lakini kinafika. Aliniambia alijifunza darasa la Jumamosi pamoja na watoto wenu, ili asome barua za Mama, kwa sababu wewe ulikuwa unaziweka kwenye droo bila kuzifungua wiki nzima. Kwa hiyo na zangu amezisoma zote. Nilitaka ardhi inimeze.

"Unatukana vizuri sana, wifi," akasema. "Nimezisoma mara mbilimbili."

Padri akaanza sala. Mjane wa Menio akafika na wengine kama kumi, wale wanaokuja kuangalia. Mchimbaji alipofika chini nilishindwa kutazama. Glenys ndiye aliyepiga magoti pale ukingoni na kupokea. Alipokea fuvu la Mama kwa mikono miwili, jinsi wanavyopokea mtoto aliyetoka kuzaliwa, akalikung'uta udongo, akaniinulia.

"Safi," akasema.

Safi kabisa, Thrasivulo. Ya njano kama nta, hadi vidole. Kijiji hakikuwa na mahali pa kugeuka. Tukaosha wote wawili kwa divai yake, ambayo ilikuwa nyekundu na kali kama nilivyomwambia, aliinunua duka la tatu.

Saa tano kasorobo basi likapita kule ukutani, jeupe, namba 22 kiooni. Sote tuliinua macho, hata Padri akakosea mstari. Dirisha moja lilikuwa na pazia lililovutwa. Glenys akarudi kuosha.

Baadaye alikula nyumbani, biringanya na mayai, akaomba aone kitanda cha Mama. Hapo akaniambia, "Angalau mwaka wa tisini na sita alikuja akakaa naye siku kumi. Huwa najiambia hivyo."

Mkono wangu ulikuwa na sahani. Niliiweka mezani. Nikamwambia, "Ndiyo, angalau." Wewe unajua kwa nini nimekuandikia hayo.

Saa kumi kasoro dakika tano Fotini akamrudisha gatini. Hakuchelewa hata dakika moja. Kati ya watu wote waliowahi kuniomba ushauri wa bandari hii, yeye ndiye wa kwanza kuufuata, na ndiye sikutaka aje.

Polixeni


Brunswick
20 Agosti 2003

Dada,

Sina salamu za kukupa zenye maana. Glenys yuko mzima. Anazungumza na mimi kwa mahitaji tu.

Niliona kofia yake. Pazia nililivuta baada ya kuona kofia.

Nimemweleza kila kitu, na sasa nakueleza wewe. Mwaka wa tisini na sita nilimuaga Glenys nikamwambia nakwenda kwa Mama siku kumi. Nilifika Italia nikapanda meli ya watalii, peke yangu, kwa sababu meli inakushusha na inakurudisha hata kama huna moyo. Nilidhani nikiona paa la nyumba, moyo utakuja. Kila mwaka niliokaa bila kurudi uliufanya unaofuata kuwa mgumu zaidi, Dada, hadi ikawa ishirini na tisa. Ningemwambia nini?

Nilishuka Katakolo na stika ya namba ya kundi kifuani kama watalii wengine, nikatembea hadi kibandani kwenu. Wewe hukuwepo. Mama alikuwa kwenye kile kiti cha majani, amekuwa mdogo. Niliomba zabibu kavu, nikaomba kwa Kiingereza, nimevaa miwani ya jua. Akanipimia. Akaniangalia usoni vizuri kabisa, akaongeza konzi moja juu, nadhani ndiyo desturi ya biashara, akanifungia kwenye karatasi. Hakunijua. Mama yangu mzazi aliniuzia zabibu na hakunijua.

Nilirudi melini. Zabibu sikuzila, nilizitupa baharini.

Baada ya hapo ningewezaje kuja kumzika? Mtu ambaye mama yake amemsahau uso anakwenda kumzika nani? Na mwezi uliopita tena, nilipoona watu wamezunguka lile shimo, miguu ilikataa. Nilifika Olimpia nikakaa kwenye jiwe saa mbili. Sikuona hata nguzo moja.

Umesema alikuwa safi. Niambie tena.

Thrasi


Kato Lagadi
14 Septemba 2003

Thrasi,

Mimi mzima, ila kifua kimeanza kupiga filimbi usiku. Zabibu za mwaka huu zimeanikwa na hazijanyeshewa. Mwambie wifi kilo tano ni zake, na wewe muombe kwa heshima.

Alikuwa safi. Nimekuambia tena.

Sasa kaa chini, na mgongo wako ukae. Siku ile ya Agosti mwaka wa tisini na sita nilikuwa nimekwenda kuleta mkate. Niliporudi meli ilikuwa imeshapiga honi na inageuka. Mama alikuwa amesimama nje ya kibanda, yeye ambaye kwa kusimama alihitaji mtu, ameshika nguzo. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Thrasi alikuja kununua zabibu."

Nikamwambia, "Mama, jua limekupiga."

"Ana kitambi," akasema, "na mikono ya baba yako. Usimwandikie kitu. Anaona haya. Nikimwita atakimbia mbele ya watu, na mimi siwezi kukimbiza mtu tena."

Unasema konzi ya juu ni desturi ya biashara. Mama ameuza pale miaka arobaini. Hajawahi kumwongezea mtalii hata punje moja, ilikuwa ni fedheha kusimama naye. Na wewe uliyeongezewa ukaitupia samaki.

Stika yako ilidondoka pale mlangoni ulipovuta pochi. Aliiokota akaibandika nyuma ya picha ya Mtakatifu Nikolao, na jioni akiwasha taa alikuwa anaigusa kwa kidole kabla hajalitaja jina la mtakatifu. Miaka miwili na nusu. Aliniapisha nisikuambie. Alipokufa nilikuwa nimeshafunguliwa kile kiapo, lakini sikukuambia, kwa sababu sikutaka upate nafuu. Hilo ni langu, nalikiri, na sijutii sana.

Nimeibandua, imo humu ndani. Namba tisa. Gundi bado ina nguvu kidogo.

Mifupa ya Mama ilitoka safi kwa sababu hakuwa na neno na mtu. Mwenye neno na wewe ni mimi. Nina miaka sitini na tisa, sina mume wala mtoto. Nikifa kama nilivyo leo, miaka minne baadaye Padri atanifukua mbele ya kijiji kizima na atanikuta sijaoza, nimekunja uso, na watakapogeuka kutafuta nina neno na nani hawatahitaji kugeuka mbali.

Kwa hiyo nakupa vidokezo, na wewe uvifuate kama mkeo. Usije kwa meli. Njoo kwa ndege hadi Athens, kisha basi la Pirgos, lile la kawaida lisilo na pazia. Mwambie dereva akushushe makaburini, umsalimie Mama kwanza, yuko rafu ya pili mkono wa kulia. Halafu utembee kwa miguu hadi nyumbani, ni dakika ishirini, watu wakuone. Njoo na Glenys. Maji mtayakuta huku. Tiketi ya kurudi isiwe ya siku hiyo.

Na hiyo stika ibandike kifuani. Mimi sina macho ya Mama.

Dada yako,
Polixeni